Ngazi Yangu Haiazimwi

Jumatatu, 3 Machi
Madaktari wametoa uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio langu la kushoto. Uvimbe umekwenda, usikivu umekwenda nao, na sakafu haitulii. Sasa shemeji, kaka wa mke wangu, amechukua ngazi yangu akapake rangi ukuta wa shule. Eti mpaka nipone. Kazi yangu! Ijumaa mtaalamu wa mazoezi ataamua kama naruhusiwa kupanda. Ataniruhusu, apende asipende.

Jumatano, 5 Machi
Zoezi: tembea huku ukigeuza kichwa kulia na kushoto. Kichefuchefu kitupu. Nikagundua njia. Nakaza shingo, nageuza macho tu, na kizunguzungu hakiji. Mtaalamu, binti mpole mwenye macho makali, akasema kizunguzungu ndicho dawa yenyewe, ubongo haujifunzi bila kuyumbishwa. Nikamwambia sikusikia, sikio hilo bovu. Alikuwa amesimama upande wa kulia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewahi kliniki na kikopo cha rangi mfukoni. Nikapaka doa jekundu ukutani, nipate pa kukazia macho kwenye zoezi la kusimama juu ya kipande cha godoro bila kuyumba. Doa safi, la fundi. Mtaalamu akalisifu, kisha akaniambia nifumbe macho. Nikaanguka kama gunia. Pale sakafuni niliogopa kweli kwamba sitapanda ngazi tena maishani. Baadaye nikakasirika, nikapata nafuu.

Ijumaa, 7 Machi
Hukumu imetoka. Mkongojo niuache, maendeleo mazuri. Ngazi, bado! Nipake sehemu ya chini miguu ikiwa ardhini, shemeji apake juu. Mke wangu ameshukuru hadi machozi. Shemeji akanikumbusha kwamba mvumilivu hula mbivu. Nimemwambia azile yeye.

Jumamosi, 8 Machi
Mtaalamu amekataza ngazi. Meza hakuitaja. Shemeji alipokwenda kuchota maji, nikaburuta meza ya mwalimu hadi ukutani, nikaweka kiti juu yake, nikapanda. Nimepaka kona nzima ya juu, inang'aa kuliko kazi yake yote ya wiki. Nimeshinda.

Kisha nikatazama chini.

Naandika haya nikiwa hapa juu, nimekaa kitini. Shemeji ameikumbatia miguu ya meza, ananibembeleza nishuke polepole. Mke wangu ameitwa, na mtaalamu pia. Nimewaambia sijakwama. Nasubiri rangi ikauke, nipake mara ya pili.