Afisa wa Ukale wa Portage-Lavigne

"Wakazi wote mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu ijayo, saa mbili kamili asubuhi, kijiji hiki kitakuwa cha kale."

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kanisa, dukani kwa muuza ndoano na kwenye kituo cha mafuta, likiwa na saini ya Réal Gauvreau, Afisa Mkuu wa Ukale. Kabla ya cheo hicho Réal alisimamia uwanja wa vijana wa kuteleza kwenye barafu. Meya Normand Labrecque aliona kazi hizo mbili ni ndugu: zote ni za kuzuia kitu kisiyeyuke.

Sababu zilikuwa nzito. Kijiji cha Portage-Lavigne kilizaliwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, kwenye kituo cha kununulia ngozi za biva, yule mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa kama mwiko, na sasa Wizara ya mambo ya kale ilikuwa tayari kukitambua kuwa cha kihistoria. Kwa bahati njema kituo chenyewe kilikuwa bado kimesimama. Ndimo alimoishi Meya: nyumba ya magogo kule juu ya kilima. Kibao cha shaba mlangoni kilisema hivyo, na aliyekitengenezesha ni Meya. Yeye alivaa koti la mahameli na kofia ya biva hata mwezi wa Julai, jasho likimchuruzika kwa heshima ya mababu.

Réal aliandika Kanuni za Ukale, kurasa arobaini na moja, na alizipenda kama mtu anavyompenda mwanawe wa kwanza. Chochote kisicho cha kale ndani ya hatua mia moja kutoka Kituoni, au popote ukingoni mwa mto, kiondolewe.

Cha kwanza kuguswa kilikuwa kibanda cha chipsi cha Fernande Touchette, dada wa mke wake. Miaka thelathini Fernande alikuwa akikaanga pale gatini, akimwaga mchuzi mzito na mabonge ya jibini juu ya chipsi, na mabinti watatu walisomeshwa na karai lile.

"Shemeji," Réal alisema, akiwa ameshika fomu, "kibanda chako kina upungufu wa ukale."

"Upungufu wa kiasi gani?"

"Asilimia mia."

"Na mimi je? Miaka sitini na tatu, magoti yote mabovu. Huo si ukale?"

"Wewe haumo kwenye fomu."

Fernande aliweka mwiko chini. "Réal, siku dada yangu alipokuleta nyumbani, mama alisema: kijana huyu hana ubaya, ila akipewa filimbi ataipuliza."

Réal aliangalia karai. Kila Ijumaa tangu harusi yake alikula pale, na hakukumbuka kuachwa aondoke bila kuongezewa. Hata hivyo alitia saini, kwa mwandiko mdogo kuliko kawaida.

Kanuni zilitaka ardhi ichimbwe na mtaalamu kabla ya kung'oa chochote. Mtaalamu akaja: Mireille Wabie, Mwanishinaabe, mmoja wa wenyeji wa asili, wa kijiji cha juu ya mto, ambaye mababu zake ndio walioleta hizo ngozi.

"Bibi yangu alituambia kituo kilipokuwa," alisema akipiga magoti nyuma ya kibanda. "Hapa hapa, mitumbwi inapotua. Nani apandishe marobota ya ngozi kilimani kwa kupenda tu?"

"Mbona hukutuambia?" Réal aliuliza.

"Mbona hamkuuliza?"

Siku ya tatu misingi ya mawe ilijitokeza, ikikizunguka kibanda, na meko, na kiko cha udongo. Meya alishuka kilima mbio, kofia ikimwangukia machoni.

"Takataka za wateja hizo!"

"Wateja gani wa chipsi wanaoangusha shanga za kioo na mihuri ya madini ya risasi ya kufungia marobota?" Mireille aliuliza kwa upole.

"Basi njoo uchimbe kwangu! Njoo uone ukale wa kweli ulivyo!"

Jumatatu ikaahirishwa, ukale unajua kusubiri. Kijiji kizima kilipanda na viti vya kukunja. Mireille alifungua sakafu ya sebule ya Meya na kutoa manyoya, maganda ya mayai, kihori cha pumba, na chini kabisa chupa ya dawa ya kikohozi yenye mwaka 1931.

"Mheshimiwa," alisema, "hili lilikuwa banda la kuku."

Mtu wa viti vya nyuma akafanya "ko-ko-kooo," na hapakuwa tena na mkutano.

Réal hakucheka. Alikuwa akipima. Kutoka kibandani kwa Fernande hadi nyumba ya Meya: hatua themanini na nne, ndani ya zile mia moja. Banda la kuku lisilo la kale lilipaswa kuondolewa.

"Futa hizo Kanuni!" Meya alifoka.

"Kufuta kunahitaji idhini ya Mlinzi wa Kituo, Mheshimiwa."

"Naye ni nani?"

"Yeyote anayefanya biashara ndani ya Kituo, naye haondolewi." Shingo zote zikamgeukia Fernande.

Angeweza kukataa kwa neno moja tu, na Réal angelitekeleza. Fernande alifuta mikono kwenye aproni.

"Una pa kwenda, Normand?"

Meya alivua kofia. "Sina, mama."

"Basi mimi simtoi mtu kwake kwa ajili ya fomu. Shemeji, kurasa zote hizo hazina hata kifungu kimoja chenye huruma?"

Réal alipekua kwa furaha. Kilikuwepo, kifungu cha thelathini na nne: jengo litasamehewa likirudishwa kwenye matumizi yake ya asili.

Mjumbe wa Wizara alipofika, alikula chipsi kando ya misingi, akaongezewa bila kuomba, kisha akapanda kilima kukagua hazina ya pili: Banda la Kuku la Kihistoria, lenye kuku kumi na wawili na mwangalizi mkazi aliyevaa mahameli, kikapu cha mayai mkononi. Mjumbe alimpongeza kwa kujitoa.

Alipoondoka, Meya alimvuta Réal kando.

"Kuku nimewakubali. Sasa jogoo wa nini?"

"Ukale wa sauti, Mheshimiwa," alisema Réal. "Anaanza kazi saa kumi alfajiri."