Sifuri ya Ukoo wa Mama

Jumatatu, 11 Mei

Balaa! Shemeji Mansuri kanipigia simu kutoka Mlali, hata salamu hakumaliza. Kasema mwanawe Mwanvita, ninayeishi naye hapa mjini asome, asipotoka mkondo C, ule wa mkiani, kwenye jaribio la Jumatatu ijayo, anakuja kumchukua akalime nyanya. Shule basi. Nikamwambia taratibu, shemeji, sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Akajibu kwamba kama ni hivyo, hata sifuri zake ni za ukoo wa mama. Akakata.

Sifuri! Za kwetu! Mimi Kibwana, mtu niliyefika Tunduma nikavuka, Lusaka nikaiona kwa macho yangu! Mtaa mzima wa Mwembesongo unakula chipsi zangu! Kweli shule niliiachia Kidato cha Pili, lakini tuliachana kwa heshima.

Kinachoniua zaidi ni Prisca, binti wa jirani yangu Castory, fundi cherehani. Shule moja, darasa moja, ukuta mmoja kati yetu. Yeye mkondo A! Jioni Castory kapita kibandani, kauliza kwa upole Mwanvita anaendeleaje. Upole wa nyoka. Nimempa chipsi za chini ya beseni.

Mwanvita alikuwa anamenya viazi. Mkono mwepesi, mtoto yule! Ndoo alfajiri, ndoo jioni, wala hanung'uniki. Kichwa anacho. Sasa kinachomwangusha nini?

Jumanne, 12 Mei

Mungu hamtupi mja wake. Dokta Editha, anayefundisha chuoni Mazimbu, kaja kula chipsi mayai. Kazi yake ni kuchunguza kwa nini watoto wa shule moja wengine wanapaa na wengine wanabaki chini. Nikamwambia dokta, umefika, kaa.

Kasema si suala la akili tu. Kuna vilivyomo nyumbani, vitabu na lugha ya darasani. Kuna mwalimu kumbandika mtoto jina, na mtoto akalivaa mpaka likamkaa. Tena kuna... hapo mafuta yalichachamaa, sikumsikia. Ila alikuwa anaitazama ile ndoo. Akauliza binti anasoma saa ngapi. Nikamjibu kwa fahari, muda wowote akishamaliza viazi! Akaweka kijiti chini. Nadhani chipsi zilimkolea.

Jumatano, 13 Mei

Vitabu vimeingia! Nimevinunua kwa kilo sokoni, kwa yule anayewauzia wa maandazi karatasi za kufungia. Magonjwa ya ng'ombe, sheria za bandari, kimoja cha mito ya Afrika. Rafu nimepigilia mwenyewe. Sebule inanuka usomi. Castory kachungulia, karudi kwake. Kapigika!

Rafu imegharimu, kwa hiyo leo nimekaanga zaidi. Mwanvita kaongeza ndoo.

Alhamisi, 14 Mei

Nimetangaza: humu ndani Kiingereza tu. Kiingereza changu ni cha barabarani, cha madereva wa Zambia, kina matusi mengi kuliko vitenzi. Mwanvita akawa anaitika tu. Mchana kutwa hakuna aliyejua namna ya kuomba chumvi. Nyumba ikawa kama ya msiba. Wateja nao wakadhani nimekasirika, wakahamia kibanda kingine. Nimeufuta mpango kwa Kiswahili.

Halafu karatasi za kufungia zikaniishia. Rafu ile pale! Nikachana kidogo tu. Mwanvita akaja kuuliza, kwa sauti ya chini, ukurasa wa mto Zambezi uko wapi, alikuwa ameufikia. Nikamwambia umeondoka na mteja wa chipsi kavu. Akarudi kwenye ndoo. Moyo uliniuma, sifichi. Nikamwahidi nitamsimulia Zambezi mwenyewe, mimi Zambia nimefika.

Ijumaa, 15 Mei

Jina! Nimegundua shuleni wanamwita "binti chipsi", sare yake inanuka mafuta. Mwalimu wake wa darasa naye anamwita hivyohivyo, akicheka. Nimevaa koti, nimekwenda ofisini kwao na kuku mzima na chipsi za kumwaga, wamjue anatoka kwa watu.

Ushindi! Walimu wamelamba vidole. Wameagiza chipsi kila siku ya shule, ziletwe na Mwanvita mwenyewe, zikiwa za moto. Kuwagawia kutamla kipindi cha Hisabati, lakini mwanangu sasa anaingia ofisi ya walimu bila kubisha hodi! Prisca anaingia? Haingii!

Jina limebaki lilelile. Ila sasa wanalitamka kwa upendo.

Jumapili, 17 Mei

Castory kaja. Kasema jioni huwa anazima cherehani, anampisha Prisca kwenye meza ya kukatia nguo. Meza ni pana, Mwanvita naye akae pale asome.

Hiyo ndiyo siri ya mkondo A? Kukaa? Mtoto mzima, mikono yote miwili, akae tu? Nimemshukuru, nimemwambia sisi hatulei uvivu. Mwanvita alikuwa amesimama mlangoni. Kainama, kaokota kisu.

Jumatatu, 18 Mei

Siku yenyewe! Nimemwamsha giza bado nene, maana oda ya walimu ni kubwa. Nimemwombea dua ndefu, nikamtwisha hotpoti, nikamsindikiza kwa macho mpaka kona. Machozi yalinitoka. Castory kasema ni vitunguu. Sikuwa na vitunguu.

Jumatano, 20 Mei

Nimekwisha. Mkondo C. Mwalimu kasema Mwanvita alijibu maswali ya mwanzo, yote sahihi, kisha akalalia karatasi mpaka kengele.

Shemeji Mansuri kashuka na tenga tupu la kubebea vitu vyake. Tumegombana mpaka mafuta yakaungua. Mwanvita akasema, hakuna aliyemuuliza, Mjomba mimi nataka ile meza ya kwa akina Prisca, jioni tu. Iliniingia kama mkuki. Rafu yote ile, halafu anataka meza ya jirani!

Nimeapa kwa ukoo wetu wote, wazima na waliolala makaburini, kwamba atapanda. Shemeji kalegea. Katoa muda hadi mtihani wa muhula mwezi ujao. Asipopanda, nyanya.

Alhamisi, 21 Mei

Nimepata dawa! Mtoto analala kwenye mtihani kwa sababu hajachangamshwa. Nimemwekea tuisheni kila siku, mwalimu bingwa, ghali. Ili niimudu ninafungua kibanda cha pili Msamvu. Viazi vimeshashushwa, gunia juu ya gunia, uani hakuna pa kupita.

Nimekwenda kumpa Mwanvita habari njema. Nimemkuta kalala amekaa, kisu mkononi, kiazi kimemenywa nusu. Nimemwonea huruma, jamani. Mjomba mwingine angemwamsha. Mimi nimemfunika kanga, nikasogeza ndoo karibu yake isimpe shida kuifuata.

Nusu iliyobaki atamalizia alfajiri.