Sikio la Duchess

Jumatatu, 3 Februari

Daftari mpendwa, salamu nyingi. Shajara sijawahi kuandika, najua barua tu, basi nianze kama barua. Mume wangu Kelvin hajambo, ila anakula biskuti mno. Binti yetu Tegan hajambo. Ng'ombe arobaini hawajambo. Mbwa hajambo. Mimi sijambo, ila moyo uko juu juu.

Sababu ni Tosti, ndama aliyelelewa na Tegan kwa chupa, kwenye chumba cha kufulia, tangu mama yake afe. Jumamosi ya wiki ijayo ni maonyesho ya wilaya. Haingii ndama bila kupimwa, wakubwa hawaulizwi. Kuna virusi vinamwingia ndama akiwa bado tumboni, anavibeba maisha yake yote na kuwagawia wenzake. Unakata kipande cha sikio, kinaenda maabara. Akikutwa navyo, lori la machinjioni. Na Tosti ni mbavu tupu! Anakohoa! Jirani yetu Glenys kaniuliza nafuga ndama au kiti cha kukunja.

Jumanne, 4 Februari

Kelvin kanipa koleo la kukatia sikio na kichupa. Eti nina mkono mwepesi.

Nimepata wazo. Duchess! Mtamba wa Glenys, anang'aa kama kabati lililopigwa vanishi. Yule hawezi kuwa na hata mafua. Nikampa mkate na jemu, akapitisha kichwa kwenye uzio. Kach! Alivyopiga kelele! Kaondoka na kofia yangu mdomoni. Kichupa nikakiandika TOSTI, herufi kubwa. Tosti nikambandika plasta sikioni, Kelvin asishuku. Nikakipeleka posta. Nimetulia, mara ya kwanza tangu Krismasi.

Alhamisi, 6 Februari

Glenys analalamika kunguru kamnyofoa Duchess sikio. Nikasema kunguru wa siku hizi hawana adabu. Kasimamisha sanamu ya kuwatisha. Imevaa kofia yangu! Kaiokota malishoni. Nitaidai vipi?

Jumatatu, 10 Februari

Maabara wamepiga simu. TOSTI ANAVYO. Kelvin kakaa juu ya ndoo. Lori ni keshokutwa. Tegan kajifungia zizini na Tosti na blanketi, anasema liwachukue wote wawili.

Duchess, mbona ulikuwa unang'aa?

Jumanne, 11 Februari

Nimekiri. Kelvin kauliza mara tatu: umeiba sikio, mama? Sikio? Kaliahirisha lori. Tosti kamkata sikio mwenyewe, kakipeleka kichupa maabara mwenyewe, kakiweka kwenye mfuko wa shati. Kwa Glenys, kasema, nenda mwenyewe.

Nikaenda na keki. Glenys kanisikiliza mpaka mwisho. "Kunguru, eh? Kunguru mwenye kofia!" Kala vipande vitatu kwa hasira. Halafu akalia. Angempeleka Duchess kwenye maonyesho, katikati ya ng'ombe wenye mimba wa wilaya nzima.

Ijumaa, 14 Februari

Tosti safi! Kikohozi ni vumbi la nyasi tu. Tegan kamwosha mara mbili kwa shampuu yangu.

Duchess naye kapimwa rasmi. Anavyo kweli. Glenys alisimama langoni mpaka lori likapotea, nikamshika mkono. Kanirudishia kofia. "Haya, vaa, kunguru wewe."

Jumapili, 16 Februari

Jana kwenye maonyesho Tosti kawa wa mwisho. Kajaribu kula tai ya jaji. Tegan kalala na utepe wa kushiriki shingoni, anacheka usingizini.

Nimemwapia Kelvin: siibi tena sikio la yeyote.

Ila kesho Kelvin anapimwa sukari. Kaja na kichupa cha mkojo kutoka kliniki. Na biskuti zote zile! Moyo juu juu. Nikawaza ni nani mzima kabisa hapa kwetu. Na safari hii siibi, naomba. Barua nimeshaichomeka kwenye uzio:

"Jirani Glenys, salamu. Hujambo? Paka hajambo? Mumeo Trevor hajambo? Namwona kila asubuhi kwenye baiskeli, mashavu yanang'aa. Tafadhali mwambie anijazie hiki kichupa, nusu inatosha. Usiulize. Nijibu upesi, kliniki wanafungua saa mbili."