Kishoka cha Mzee Muhuri

Asubuhi hiyo kilichowasha moto kijiweni ni habari ya halmashauri. Ilikuwa imekata miti yote ya barabara ya hospitali ili kupisha bango kubwa la kuhimiza watu wapande miti.

"Bango limeandikwa 'Mti ni Uhai'," alisema Injinia, fundi simu mwenye kibanda nyuma ya benchi. "Chini yake visiki vimejipanga kama wagonjwa."

"Wewe unalia, mwenzio kafaidi," alijibu Chuma, muuza vyuma chakavu, akimwelekezea kidevu Mzee Muhuri. "Kasukuma gogo bichi zima mpaka kwake."

Jina la Muhuri alilipata ofisini, maana maisha yake yote alikuwa akigonga mihuri. Alipostaafu akakosa cha kugonga, akahamia jikoni. Akawa anafunua masufuria, anapunguza moto, anauliza chumvi imetiwa kwa idhini ya nani. Mkewe alivumilia weee, mwisho akamwambia: tafuta kazi ya mikono, la sivyo nakupeleka ukaishi kwa dada yako. Dada mwenyewe huanza kugomba kabla hajafumbua macho. Mzee Muhuri aliogopa, tena aliogopa kweli. Akatangaza kwamba atachonga miko, ila kwanza apate kishoka. Wiki nzima sasa kijiwe kilikuwa kinamsaidia kuchagua.

"Leo lazima ninunue," alisema. "Gogo likikauka litakuwa gumu, nami ndiyo kwanza najifunza."

Chuma akaburuta shoka kutoka kwenye gunia, huku akihema. "Chukua hili. Limemaliza msitu."

"Mimi nataka mwiko, Chuma. Msitu wa nini?"

"Mwiko umo humo humo. Unatoa kila kisichokuwa mwiko."

"Na vidole je?"

"Unavyo kumi, mzee wangu. Acha uchoyo."

"Usimuue mzee wa watu!" Injinia akadakia. "Anayeanza anataka kichwa chepesi, nusu kilo na ushee, mkono usichoke. Na makali yashuke chini kidogo, ili akichonga taratibu ashike karibu na kichwa."

"Wewe umechonga miko mingapi?"

"Nimetazama video mia mbili."

"Nimeuliza umechonga."

"Mpira unautazama kila wiki, umecheza lini?"

Chuma akahamia kwenye makali. Yeye alitaka yaliyonolewa upande mmoja tu, upande wa pili ubaki bapa, yapate kula vizuri. Injinia akasema pande zote mbili. Wakapandishiana sauti mpaka mteja mmoja akaondoka na simu yake mbovu.

"Ila mimi natumia mkono wa kushoto," alisema Mzee Muhuri.

Wote wawili wakamgeukia, Chuma akajishika kichwa.

"Mzee! Wiki nzima hukusema?"

"Hamkuniuliza."

"Sasa cha makali ya upande mmoja kitakuwa kinyume kwa mkono wake," alisema Injinia, akisugua viganja kwa furaha. "Jamani, tunaanza upya."

Hapo hapo mke wa Mzee Muhuri akatokea na kikapu mkononi. Mzee akaruka kutoka kwenye benchi.

"Mama watoto, leo leo nanunua! Nipe mpaka jioni tu!"

"Shikamoo, mama," vijana wakamwamkia kwa adabu ya ghafla.

"Marahaba, wanangu." Uso wake uling'aa. "Baba, nani kakuharakisha? Wiki hii nimepika bila kusimamiwa. Mchana nalala. Majirani wananiuliza napaka nini usoni." Akawageukia vijana. "Nawashukuru sana. Kitu chenye makali hakichaguliwi ovyo ovyo. Fikirini vizuri. Kahawa ya leo nimeshalipia, na ya kesho pia."

Akaenda zake, akiimba.

Mzee Muhuri alibaki amesimama. Ilimuuma. Wiki nzima alidhani nyumbani kumepwaya bila yeye.

"Chuma," alisema hatimaye, "nipe shoka lolote. Liwe zito, liwe bapa, sijali. Leo nachonga. Na nitachongea jikoni!"

Injinia akamdaka mkono wa kulia, Chuma wa kushoto, wakamketisha taratibu kama yai.

"Tulia, mzee wetu," alisema Chuma, akivuta kikombe chake karibu. "Mpini bado hatujaujadili."