Kura Yangu ya Vifungo

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mwanangu katokea redioni tena! Mbunge, na nimemnyonyesha mimi. Kasema mkataba wa nguo za ng'ambo ni jambo zito, wabunge watauamua, hakuna haja ya kuwapigisha wananchi kura. Sauti ya marehemu baba yake kabisa. Nikaongeza redio mtaa mzima usikie.

Wifi yangu akasimamisha cherehani. Mwaka wa kumi na tisa huu tunashona naye chumba kimoja. Kauliza nguo zikiingia bila ushuru, sare za shule atashona nani. Riziki ni yake, angalau aulizwe. Nikamwambia mwanangu kasoma. Kasema hata yeye anajua kusoma, uleteni huo mkataba. Ana mdomo huyu!

Jumanne, tarehe 4 Machi
Nimempigia mwanangu. Mnyonge. Watu wanamtukana kila kona, eti anawaogopa wapiga kura. Hata chakula hakipiti! Nikapata wazo. Mafundi wa mtaa tupige kura yetu wenyewe, kwenye kopo la maziwa. Kifungo cheupe: wabunge waamue. Cheusi: wananchi waamue.

Wifi kanikumbatia. Kasema tangu azaliwe hajaulizwa jambo la maana, hata kuolewa aliambiwa tu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Wamekuja ishirini na mmoja, na mimi ishirini na wawili. Wifi kavaa gauni lake la harusini! Mimi nilikuwa nimeshatangulia kutia vyeupe viganja viwili. Kumpa mtoto moyo tu.

Tukahesabu. Vyeusi ishirini na kimoja. Vyeupe thelathini na nane! Mshona makoti kauliza watu ishirini na wawili wamezaaje kura hamsini na tisa. Nikasema wengine wamepiga kwa furaha. Wakacheka, wakaenda zao. Wifi hakucheka.

Nikavipiga picha vyeupe peke yake, nikamtumia mwanangu. Kajibu papo hapo, ujumbe wake wa kwanza tangu mwaka uanze: asante mama.

Ijumaa, tarehe 14 Machi
Kanitaja bungeni! Kasema mafundi cherehani wa kwao, na mama yake mzazi akiwamo, wamepiga kura wenyewe na kuwaachia wabunge. Wenzake wakapiga meza. Hoja ya kura ya wananchi ikatupwa, mkataba ukapita.

Nikageuka nishangilie na wifi. Kainamia kola, sindano imesimama. Kauliza polepole kama kifungo chake kilihesabiwa. Nikamwambia chai inapoa.

Jumatano, tarehe 2 Aprili
Mwalimu mkuu kaja mwenyewe. Sare za mwaka huu zinakuja zimeshashonwa, kwenye maboksi. Hakukaa.

Wifi kafunika cherehani yake kwa shuka, taratibu, mpaka miguuni, kama anayefunika maiti. Nimempigia mwanangu mara nne. Yuko kikaoni.

Jumapili, tarehe 6 Aprili
Binti yake wifi kampigia mama yake ahamie kwake. Safari ya siku mbili! Wifi kasema anafikiria, atajibu kesho.

Alipokwenda kuoga nikachukua simu. Nikamwambia binti kwamba mama yake amekataa, anabaki na mimi. Mambo kama haya yatamchosha kichwa bure, maskini. Bora mtu mwenye uelewa amsaidie.

Bado sijamwambia. Yuko kitandani anahesabu kwa vidole faida na hasara. Nimemwacha ahesabu.