Wiki ya Kubandua Bei

Jumatatu, 4 Machi

Mafuta ya kupikia yamepanda tena! Mama amerudi kutoka supamaketi na mfuko mwepesi mpaka upepo ulikuwa unauchezea njiani. Akaiweka chupa mezani, akaitazama kama mgeni ambaye hakualikwa. Akatangaza kwamba kuanzia leo tunakaanga kwa macho.

Baba Mdogo, ambaye anaishi nasi kwa muda (muda huo niliukuta nilipozaliwa), akasema si bure. Kuna watu wanatukamua! Wanaficha bidhaa stoo, zikiadimika wanazitoa kwa bei ya kuruka. Nikamuuliza amejuaje. Akasema kila mtu anajua, hata kinyozi wake.

Nikamkumbuka Mwalimu wa Maarifa ya Jamii. Alitufundisha kwamba raia mwema hanung'uniki, anatafuta ushahidi. Basi nitautafuta. Tena nina bahati ambayo wasichana wengi hawana: dada yangu ni keshia katika supamaketi hiyohiyo. Bado yuko kwenye majaribio. Jumamosi hii Meneja ataamua kama amwajiri moja kwa moja au amrudishe nyumbani. Kibarua cha Mama cha kushona sare hakitoshi. Mshahara wa Dada ndio unaotulisha, na ndio utakaolipa ada yangu ya mtihani. Mama ametuonya wote: wiki hii Dada asiudhiwe, asicheleweshwe, wala asiunguziwe sare kwa pasi.

Nimemuuliza Dada, kwa upole kabisa, Meneja anaficha mafuta wapi. Akaniambia nikale.

Nimekula. Nashukuru kwa chakula, kwa Dada, na kwa kuzaliwa na akili ya uchunguzi.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Baada ya shule niliingia supamaketi, nikajificha nyuma ya mnara wa karatasi za chooni. Mahali pazuri sana. Mlango wa stoo unauona wote.

Meneja akapita. Ni mwembamba, tai yake inamfika karibu na magoti, na hawezi kuanza sentensi bila samahani. Akiwa mbali, wafanyakazi wanamwita Bwana Samahani. Akaufungua mlango wa stoo. Nikanyoosha shingo. Nikainyoosha zaidi.

Mnara wote chini! Karatasi zikabingirika mpaka kwenye friji la samaki.

Meneja akaja mbio. Akasema samahani, umeumia? Nikajibu hapana, ahsante. Akasema samahani, hizi karatasi huwa tunazipanga vibaya. Kisha akapiga magoti akaanza kuziokota yeye mwenyewe. Mnyonyaji mwenye adabu kiasi hicho ni mtu wa hatari!

Lakini niliwahi kuchungulia. Ndani ya stoo mna ndoo, mafagio na katoni chache za biskuti. Hakuna mafuta. Maana yake ameyaficha mahali pengine. Kidogo kidogo namkaribia.

Dada hakuniona. Alikuwa kaunta ya mwisho, amezungukwa na wateja. Nashukuru mno. Aliyeniona ni Kasuku wa darasani kwetu, aliyetumwa sabuni. Tunamwita Kasuku kwa sababu kitu kikishaingia masikioni mwake, lazima kitokee mdomoni.

Jumatano, 6 Machi

Darasa zima linaniita Mpelelezi wa Chooni. Kasuku amenishauri mbele za watu kwamba safari nyingine nijifiche nyuma ya mayai. Wakafa kwa kicheko. Nimevumilia. Nashukuru kwamba hata Mwalimu alijitahidi asicheke.

Lakini leo ndiyo siku yenyewe! Nilikuwa naosha kopo la nyanya ili Mama alitumie kuwekea nyuzi. Stika ya bei ikalowana, ikajikunja pembeni. Nikaivuta. Chini yake kulikuwa na stika nyingine. Bei ndogo zaidi! Nikavuta na hiyo. Nyingine tena, ndogo kuliko zote! Bei zimelaliana pale kama blanketi.

Nikamkimbilia Baba Mdogo. Akalishika kopo, akaligeuza, akapiga mluzi. Akasema kisheria kitu kikiwa na bei mbili, mteja analipa ile ya chini. Nikauliza ni sheria ipi hiyo. Akasema ni ya siku nyingi. Kumbe haki yetu ipo siku zote, imefunikwa tu kwa gundi!

Tena hali imekaa vizuri. Mashine ya kusoma bei pale dukani imeharibika, na fundi anawapa ahadi tu. Makeshia wanapiga bei waliyoiona imebandikwa, basi. Stika ikisema kidogo, mteja analipa kidogo.

Nimebusu kopo.

Alhamisi, 7 Machi

Nilimweleza Dada kila kitu wakati anapiga pasi sare yake. Nilidhani atafurahi. Akaiweka pasi kando, akaniuliza kama nina homa.

Akasema kopo la leo duka limelinunua ghali kuliko la mwezi uliopita, na wakiuza kwa bei ya zamani hawatakuwa na pesa za kununua mengine. Nikamwambia hayo ni maneno waliyomlisha kazini. Akaniambia tena, polepole, kama mtu anayeongea na mtoto aliyepanda juu ya paa: Jumamosi Meneja anatoa jibu. Akikosa kazi hii hajui atamwambia nini Mama, na hajui ada yangu itatoka wapi. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akanitaka niahidi kwamba sitakanyaga pale kabla ya Jumamosi.

Nikaahidi kwa moyo wote. Nampenda Dada kuliko mtu yeyote aliyewahi kunifinya.

Nitakwenda Jumamosi yenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi. Nimebandua stika zote jikoni. Mbinu ni hii: ipulizie pumzi ya moto, ingiza kucha pembeni, vuta bila haraka. Ukiivuta kwa pupa inachanika, ukaonekana mhuni.

Tatizo ni kucha. Zangu fupi, kwa sababu shuleni tunakaguliwa. Kasuku ana kucha ndefu. Siku za ukaguzi huwa anaumwa. Imebidi nimeze maneno yangu na kumweleza mpango. Alinicheka kwanza. Kisha akatulia, akasema na kwao chai ya jioni siku hizi wanakunywa bila sukari, na mama yake anajifanya ndivyo anavyoipenda. Akauliza tunaanza saa ngapi.

Nilikuwa sijui jambo hilo la chai. Nashukuru kwa Kasuku. (Naandika hivyo kwa shida, lakini nimeandika.)

Dada aajiriwe asiajiriwe, kesho atajivunia mdogo wake. Foleni yake itajaa watu wenye furaha, Meneja ataona wateja wanavyompenda, na kazi atapata. Mpango mmoja, faida mbili!

Jumamosi, 9 Machi

Vidole bado vinanata. Naandika hivyohivyo.

Tuliingia duka lilipofunguliwa tu. Mlangoni kulikuwa na bango jipya jekundu. Sikulisoma, nilikuwa kazini. Kasuku alichukua mafuta, maana chupa ni nyingi na kucha anazo. Mimi nikachukua nyanya, maziwa ya unga na majani ya chai. Kila stika tuliyoibandua tuliibandika kwenye mikono ya sweta zetu, tusichafue sakafu. Tumelelewa.

Matokeo ya ajabu! Mzee mmoja alichukua kopo la maziwa, akalitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akajaza kikapu. Habari zikaruka kutoka rafu moja hadi nyingine. Matoroli yakaanza kugongana. Foleni ya Dada ikafika kwenye mikate. Nilitaka kulia kwa furaha. Watu wetu watakula!

Halafu kelele. Fundi bomba mmoja, mtu wa miraba minne, aliinua chupa ya mafuta juu ya vichwa vya watu. Akauliza huu ni wizi wa namna gani: bango mlangoni linasema mafuta yameshuka, chupa inasema yamepanda! Mama mwenye mtoto mgongoni akasema na yake pia. Wote wakaangalia za kwao. Zote zimepanda!

Nikatoka kulisoma bango. Mafuta yameshuka bei kuanzia leo. Jana jioni walibandika bei mpya, ndogo, juu ya ile kubwa ya zamani. Na sisi tumeibandua. Tumepandisha bei ya mafuta kwa kucha zetu wenyewe!

Watu wakamgeukia Dada, kwa kuwa keshia ndiye aliye karibu. Wakamwita mnyonyaji. Dada yangu, ambaye soli za viatu vyake zimeshikiliwa na gundi na maombi! Alisimama pale, mikono juu ya kaunta. Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Meneja akatokeza.

Nikapiga moyo konde. Nikapanda juu ya kreti la soda, nikatangaza kwamba aliyebandua bei ni mimi, na kwamba kisheria kitu chenye bei mbili kinalipiwa ile ya chini. Fundi bomba akaniuliza sheria hiyo nimeisoma wapi. Nikasema sikuisoma. Alinipa Baba Mdogo, na yeye nadhani aliipata kwa kinyozi.

Kasuku akazificha kucha zake mgongoni.

Ndipo Dada alipozungumza, na sauti yake haikutetemeka. Akawaomba wateja radhi. Akasema huyu ni mdogo wake, tumbo moja, sema akili waligawana vibaya. Watu wakacheka! Akasema hatawaficha kitu: mafuta yameshuka kweli, vingine havijashuka, na anayetaka kurudisha alichochukua arudishe bila aibu. Akawaita wenye watoto wasogee mbele. Akamwambia fundi bomba apumzishe mkono, chupa hiyo si kombe. Fundi bomba akacheka kuliko wote. Mzee wa maziwa akarudisha makopo yake moja moja, akabakiza moja, akasema angalau asubuhi ilikuwa nzuri.

Meneja alikuwa anazunguka nyuma akisema samahani kwa kila mtu, hata kwa toroli.

Sisi tukaamriwa kurudisha stika. Shida: kwenye sweta hazikuonyesha zilitoka wapi. Kwa muda kidogo, kiberiti kilikuwa ghali kuliko maziwa.

Duka lilipofungwa, Dada aliitwa ofisini. Akatoka na mkoba wake. Meneja amesema anahitaji kufikiri, atapiga simu kesho. Njia nzima Dada hakunifokea. Afadhali angenifokea! Alitembea tu, akilinda viatu vyake na madimbwi. Mama alipotuona mlangoni, alimpokea Dada mkoba.

Leo sijui nishukuru nini. Labda kwamba alinishika mkono tulipovuka barabara.

Jumapili, 10 Machi

Simu ilikuwa katikati ya meza, sisi tumeizunguka kama wagonjwa wanaomsubiri daktari. Ilipolia, Baba Mdogo aliruka akamwaga chai. Sauti ikasikika: samahani kwa kuwasumbua Jumapili.

Ameajiriwa! Ameajiriwa moja kwa moja!

Meneja alimwambia kwamba foleni ikiwa na furaha, keshia yeyote anafaa. Yeye alimwona mtu anayetukanwa na duka zima bila kumtukana hata mmoja, na aliyesema ukweli bila kumficha ndugu yake wa damu. Sharti ni moja: mimi nisipite ule mlango bila mtu mzima kunishika. Ni sharti la haki. Nimemshukuru Meneja kupitia simu. Akasema samahani.

Mama alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa, akacheka huku machozi yanamtoka. Baba Mdogo akasema alijua tangu mwanzo. Dada akaja akanivuta sikio mpaka nikasimama kwa ncha za vidole, kisha akanikumbatia kwa mkono uleule, muda mrefu. Akasema sasa ada ya mtihani ipo, kwa hiyo nikifeli nitafute nyumba nyingine.

Akatueleza pia kwamba Meneja naye analalamika. Anayemuuzia mafuta kwa jumla alikuwa anajipandishia bei anavyotaka. Alipotokea muuzaji mwingine, akashusha haraka haraka. Kumbe mnyonyaji yupo! Nilipofungua mdomo tu, Dada akaniapisha kwamba sitalisogelea lori lake. Nimeapa. Sina shida naye tena.

Nimekaa nikatafakari, kama Mwalimu anavyotusihi. Dada amefanya kazi kwa bidii majaribio yote na hakuna aliyemwona. Zikatokea vurugu kidogo, akaonekana siku hiyohiyo. Ni wazi kilichokuwa kinakosekana.

Sasa nawaza kuhusu Mama. Anashona sare katika karakana ile ya karibu na shule, fundi hodari kuliko wote, na mpaka leo ni kibarua. Mwenye karakana anapita nyuma yake kila siku bila kumtazama. Maskini Mama! Hajawahi hata kuzomewa.

Nimemweleza Kasuku. Ameelewa papo hapo. Kesho tukitoka shuleni tunapitia huko, na ameshachunguza kabati wanaloweka vifungo.