Matuta Manne ya Kinanda

Gari lile jekundu lilikuwa limeshushwa chini mpaka kuku wakipita mbele yake wanatazamana nalo macho kwa macho. Lilifika kwenye tuta la mwanzo wa mtaa, likasimama. Akashuka mke. Kisha, kwa kuguna na kumlaani aliyebuni magari, akashuka mama mkwe kutoka kiti cha nyuma kilichotengenezwa kubebea mkoba. Mwenye gari, karani wa benki, akalala kifudifudi barabarani na tai yake shingoni, akachungulia uvunguni, akainuka, akalivusha mshazari, tairi moja baada ya jingine. Krrr! Akashika moyo kama kakwaruzwa yeye. Familia ikapanda tena.

Ng'ambo ya barabara, Kinanda aliacha kutafuna. Walimwita Kinanda kwa sababu mdomo wake ulijua kumpigia kila mtu wimbo autakao. Mali yake yote duniani ilikuwa pikapu moja kuukuu, ndiyo ofisi, ndiyo kitanda; na mjini alikuwa na mnunuzi aliyelilia gari kama lile usiku na mchana.

"Tuta moja tu linamtoa jasho hivi," alijisemea. "Je, yakiwa matano?"

Mtaa wenyewe ulikuwa na nyumba sita na haukutokea popote. Ulikoingilia ndiko utakakotokea. Kesho yake, mchana kweupe, Kinanda alifika na kizibao cha kung'aa, toroli na saruji. Jamani, mtu mwenye kizibao cha kung'aa anaweza kuchimba hata sebule yako, nawe ukasogeza makochi asipate taabu. Hakuna aliyemuuliza neno. Mama mkwe peke yake ndiye aliyetoka, akalitazama tuta kwa jicho la mpishi anayetazama unga wa mwenziwe.

"Mwanangu, hilo si dogo?"

"Ndicho kipimo cha serikali, mama."

"Serikali yenyewe inabana matumizi? Ongeza."

Akaongeza. Siku ya pili alimtolea kigoda. Siku ya tatu alimwazima ndoo na kumwambia la jana nalo aliongeze kidogo. Ya nne, kazi ikakamilika. Kinanda alimwonea huruma: bibi wa watu, hajui kwamba anamliza mkwewe.

Wiki iliyofuata, kila siku mama mkwe alishuka mara tano kwenda na mara tano kurudi, na kila mara aliguna zaidi ya hapo awali. Karani alichelewa kazini siku zote. Ijumaa alimkuta Kinanda akipima barabara kwa rula ya shule.

"Fundi, haya matuta yataisha lini?"

"Kaka, mimi ni mtu mdogo. Ila ramani nimeiona." Akashusha sauti. "Yamebaki tisa."

"Tisa! Mtaa wenyewe nyumba sita!"

"Mengine ni ya akiba."

Karani akaketi juu ya tuta, machozi yakamlengalenga. Alilipenda gari lile, maskini. Jumapili alilifuta kwa fulana zake mwenyewe. Kinanda akamkalia kando, akaanza wimbo.

"Mimi nina pikapu. Ile inapanda hata ngazi. Kwa jinsi ninavyokuhurumia, tubadilishane tu."

"Kweli? Bila nyongeza?"

"Kutoa ni moyo, kaka."

Wakatia sahihi juu ya boneti, wakapeana funguo. Pikapu ikaondoka na familia nzima, ikirukaruka matuta kama mbuzi aliyefunguliwa, mama mkwe akicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

Kinanda akaingia kwenye gari lake, akaubusu usukani, akawasha. Hakujua kulivusha mshazari kama karani; akalipeleka moja kwa moja, na hakufika mbali. Tuta la kwanza, lile aliloambiwa aongeze akaongeza, lilimdaka tumboni. Tairi zikabaki hewani zinazunguka. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia na honi juu.

Akaazima nyundo. Alipopiga pigo la kwanza, milango yote ikafunguka.

"Wee!" alifoka fundi cherehani wa nyumba ya pili. "Unabomoa tuta letu? Vijana walikuwa wakigeuzia pikipiki zao hapa kama uwanja wa mbio!"

"Nililijenga mimi!"

"Kwa idhini ya nani?"

Kwa mara ya kwanza maishani, Kinanda alikosa wimbo. Akarudisha nyundo.

Mnunuzi alikuja, akatazama gari, akatazama matuta manne yaliyobaki mbele yake. "Likifika barabara kubwa, nipigie," alisema, akaenda zake. Kinanda alilala ndani ya gari siku tatu, magoti yakigusa kidevu, pikapu imekwenda na gari haliendi.

Siku ya nne pikapu ikaja, mama mkwe mwenyewe kwenye usukani, na kando yake bibi mwingine amekumbatia mkoba.

"Mwanangu, bado upo?"

"Mama, ulijua?"

"Tangu toroli la kwanza. Serikali gani inamaliza kazi kwa siku nne?"

"Basi si ungemwambia tu mkweo auze gari!"

Mama mkwe alishtuka kwelikweli. "Nimwambie mkwe wangu? Mimi nina haya zangu!" Akamwelekea mwenzake. "Huyu shoga yangu, mkwewe naye kanunua la namna hiyo, la bluu. Na magoti yake mabovu kuliko yangu."

"Mtaa wetu hauna tuta hata moja," alilalamika shoga. "Saruji nimeshanunua."

Kinanda akaitazama mifuko ya saruji nyuma ya pikapu iliyokuwa yake. Akavaa kizibao, akapanda juu ya mifuko ile.

"Na gari langu je, mama?" aliuliza kwa unyonge. "Nikiliacha hapa?"

"Liache, mwanangu," alisema mama mkwe, akitia gia. "Litakwenda wapi?"